Miji Aliyomsimulia Mdogo Wake

Kwa miaka kumi na mmoja Spana alikuwa fundi wa lifti, na kazi hiyo ilimzungusha nchi saba. Wageni wengine huijua miji kwa mlango wa mbele. Yeye aliijua kwa chini, kwenye shimo la lifti, kunakoangukia kila kinachowaponyoka wenyeji: funguo, hereni, na mara moja meno ya bandia. Kila akimaliza kunawa grisi alimrekodia mdogo wake wa kike ujumbe wa sauti, akamweleza mji alikofika bila kupaka mafuta.

"Huku wakiingia kwenye lifti wote wanatazama viatu, utadhani wamefiwa," alisema kuhusu mji mmoja. Kuhusu mwingine: "Hawa wana haraka ya bure. Kitufe wanakibonyeza mara saba, lifti ikifika bado wanabishana na simu. Halafu ni wasafi wa mbele tu; ngazi za nyuma usiombe!" Na mji mkubwa unaosifiwa kila mahali aliumaliza kwa maneno manne: "Mzuri, ila hauna salamu."

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Mguu wake mmoja ulilemaa utotoni, na hajawahi kuvuka mpaka wowote. Wazazi walipofariki, Spana ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi. "Kaka, nipeleke na mimi," alimwomba siku ya safari ya kwanza. Spana hakuwa na namna nyingine ya kumpeleka ila kwa sauti.

Basi mwaka mmoja akarudi kwenye jengo la ghorofa tisa, katika mji alioupenda kuliko yote. Aliupenda kwa ajili ya msimamizi wa jengo, mjane ambaye wapangaji walimwita Mama Funguo. Safari iliyopita kipuri kilichelewa siku nne, na siku zote nne mama yule alimwekea kiti chumbani kwake, chini ya ngazi, akamchemshia chai, wakapiga soga hadi wakawa kama mama na mwana.

Safari hii alimkuta amesimama mlangoni, uso umefumbwa kama ngumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lifti ile pale."

Spana akacheka akidhani anataniwa. "Leo hata chai sikaribishwi?"

Mama Funguo alitoa simu, akaibonyeza, akaiweka mezani. "Sikiliza. Nimeletewa na mpangaji wa ghorofa ya tano. Wanasema kipindi hiki kina wapenzi wengi mtandaoni."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mdogo wake, imepambwa na kuvutwa kama ya mtangazaji. "Karibuni tena kwenye Safari Zangu! Nilipofika mji ule nilipokelewa na mama mmoja, msimamizi wa jengo. Lifti yake ina kioo kilichopasuka pembeni, na ua la plastiki alilolifunga mwenyewe kwa waya..." Maneno yalikuwa ya Spana, hata pale pa kuvuta pumzi palikuwa pake. "Huwaambia wapangaji kwamba mwanawe anasoma ng'ambo. Mimi alininong'oneza ukweli: yuko gerezani, mwaka wa sita huu."

Mama Funguo akaizima.

"Mama, huyo ni mdogo wangu. Wallahi sikujua kama..."

"Hukujua kama ana mdomo? Nilikwambia wewe, mwanangu. Sikuuambia ukoo wako."

Spana alishuka shimoni. Kazi ya saa tatu ilimla siku nzima. Juu yake aliwasikia wapangaji wakingoja, na mmoja akauliza kwa sauti ya asali, "Mama, msomi wetu bado hajahitimu tu?" Wenzake wakaangua kicheko.

Alipotoka shimoni, Spana aliketi kwenye ngazi, akapiga simu nyumbani.

"Kaka! Umefika salama?"

"Safari Zako zilianza lini?"

"Mwaka wa pili sasa. Nilitaka kukwambia, kaka, nikawa naogopa."

"Unasema umeenda wewe."

"Ningesemaje? Kaka yangu alienda, mimi niko hapa na cherehani? Nani angenisikiliza?" Alianza kulia. "Wewe una dunia nzima. Mimi nina sauti yako tu. Halafu sikutaja jina la mtu!"

"Ulitaja ua," Spana akasema, akakata simu.

Miji yenyewe angempa yote, bila kinyongo. Kilichomkata maini ni kukumbuka jinsi mdogo wake alivyokuwa akimdodosa: "Na yule mama, kaka, alikwambia nini tena?" Naye, kwa ujinga wa mtu anayependwa, akafurahi kuulizwa, akamwaga mtama penye kuku wengi.

Mdogo mtu alikifuta kipindi kile siku hiyohiyo, akamwandikia Mama Funguo kumwomba radhi. Hakujibiwa. Mama alisaini karatasi ya kazi bila kuketi. "Siku nyingine," akamwambia Spana, "uje na spana. Masikio uyaache kwenu."

Mwisho wa mwezi Spana alirudi nyumbani. Mdogo wake alimpokea mzigo, akampakulia, akamwekea kiti karibu na dirisha. Walikula. Spana alikuwa ametoka kwenye mji mpya kabisa, ambako wazee hupanda na kushuka lifti mchana kutwa ili wapate wa kuongea naye, na hadithi ilikuwa imemjaa kifuani.

"Kukoje huko, kaka?" mdogo wake aliuliza polepole, macho kwenye sahani.

Spana alisukuma sahani yake.

"Joto," akasema, akaomba maji ya kunawa.