Chai ya Mwakilishi

Kiti kile tulikipigania majira mawili ya baridi. Kamati ya makazi ilikuwa ya wazee watupu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala katika bweni letu pale Bishkek, ambako mabomba ya joto hupoa Januari na wasichana hulala wawili wawili kitandani ili wasigande. Tulitaka mtu wetu awepo wanapopanga kodi ya vyumba. Mwishowe wakakubali, tena kwa tabasamu. Tabasamu lile mimi sikulipenda.

Tukamchagua Jazgul, anayesoma sheria, msichana mwenye ulimi wa wembe. Tulikaa chumba kimoja, kwa hiyo alijua fika kilichonikabili. Kodi ikipanda, baba hana cha kuongeza. Masika yaliyopita baridi ilikuwa imeua maua ya miaprikoti yetu yote kule Batken, tukakosa matunda ya kuuza. Ningerudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na hereni zinaningoja. Kwetu msichana akivishwa hereni za watu ameshaposwa. Mama alizifungia kabatini, akawaambia wenyewe wasubiri nimalize masomo. Huyo bwana aliyeniposa nilimwona mara moja tu, akimpiga farasi kichwani, na nilimchukia palepale.

"Wewe soma mtihani wako, Uulkan," Jazgul aliniambia siku ya kikao. "Hereni hizo atavaa mama yake."

Alirudi jioni, akakaa kitandani bila kuvua koti. Ilibidi tumvute maneno kama tunavuta ndoo kisimani.

Wazee walimpokea vizuri mno. Walimsifu, wakamvika kilemba cha ukoka, kisha wakamweka mwisho wa meza, penye birika. Hapo ndipo mchezo ulipokwisha, ila yeye hakujua. Kwetu binti mdogo kuliko wote mezani ndiye anayemimina chai, na humimina nusu kikombe, maana kikombe kilichojaa ni kumwambia mgeni aondoke. Nusu kikombe huisha upesi. Basi kila alipofungua mdomo, mzee mmoja alisogeza kikombe chake, na akimaliza huyo, mwenzake naye kikombe kikavu. Jazgul, aliyekariri hotuba yake mpaka usingizini, alihudumu kikao kizima. Ungemdhani mkwe mpya, si mwakilishi.

Mwisho Mzee Turdubek, mwenyekiti, alikunjua viganja kuomba dua. Wote wakakunjua, naye akaweka birika chini, akakunjua. Mzee akawaombea wazazi wetu afya, akatuombea sisi mitihani, kisha kwa sauti ileile akaomba kodi mpya ya masika iwe na baraka na paa lipate kuzibwa. Amina, wakasema, wakapitisha mikono usoni. Jazgul naye akapitisha. Nani kwetu huiacha dua ikining'inia?

Kesho yake tangazo lilikuwa mlangoni: kodi imepanda, kamati imekubali kwa sauti moja, mwakilishi wa wanafunzi akiwemo. Wasichana walimngoja kwenye ngazi na vikombe vyao vitupu. "Mheshimiwa," wakamwambia, "na sisi tumiminie basi." Mimi sikucheka, lakini sikumtetea pia. Nilikuwa na hasira naye.

Hata hivyo tulikwenda pamoja kwa Mzee Turdubek. Alitukaribisha kwa upole.

"Mzee, mimi niliitikia dua," Jazgul akasema. "Kodi sikuiitikia."

"Dua ilikuwa moja, binti yangu. Sasa Amina unataka uirudishe? Maji yakimwagika hayazoleki." Akaongeza kwamba kiti chetu bado kipo, hata kikao kijacho, na kwamba chai ya Jazgul ilikuwa nzuri sana. Kisha akaniuliza mimi natoka wapi. Nikamwambia Batken. Akasema aprikoti za huko hazina mfano.

Masika yalipoingia nilifunga mizigo. Jazgul alinibebea begi hadi stendi. Nilimwambia simlaumu. Nilikuwa namlaumu.

Wageni walikuja nyumbani wiki hiyohiyo. Mama alinipa birika, nikamimina nusu, nusu, nusu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama mkwe akanivisha hereni, zikanivuta masikio kwa uzito, na babu wa upande wao akakunjua viganja. Wote wakakunjua. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani na kuikaza, nikaapa haitainuka.

Amina, wakasema.

Bibi yangu, aliyeketi pembeni yangu, akaona. Hakunigombeza. Alinishika vifundo vya mikono kwa vidole vyake vya baridi, akaiinua, akanipitishia viganja vyangu mwenyewe usoni, taratibu, kama anavyonawishwa mtoto. Kisha babu yule akasema basi, tumekubaliana sote.