Siku ya Kumwita Khiem

Kwa miaka arobaini na saba nilikula karamu ya kifo cha Khiem katika siku ambayo Khiem alikuwa bado hai.

Kila tarehe tisa ya mwezi wa pili, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, mama yake alinikalisha kwenye kiti kinachotazama meza ya marehemu, akanipakulia kabla ya ndugu zake wa damu. Palikuwa na samaki wa pilipili manga aliyepikwa chunguni, na karela, yale matango machungu, zilizojazwa nyama, vyakula ambavyo Khiem alivipenda. Tulingoja vijiti vya udi viungue hadi mwisho, kwa sababu wafu hula kwanza, ndipo na sisi tule. Nilikula nikashiba. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote, kwamba nilishiba.

"Kaka Thoai, tubakishie hata mifupa," Nhan alinitania mwaka huu. Nhan ni dada mdogo wa Khiem, amefika miaka sitini, na mdomo wake haujui kupumzika. "Au huko kwenye manowari walikufundisha kula tu?"

"Walinifundisha na kuogelea," nikamjibu, na wageni wakacheka.

Mama yao, Mama Tu, hakucheka. Alikuwa amefikisha miaka themanini na minane, na tangu mwaka mpya hakuwa ameinuka kitandani. Siku hiyo walimbeba hadi sebuleni na kitanda chake cha mwanzi ili aione meza ya mwanawe. Wageni walipoondoka aliniita kwa kidole.

"Thoai, mwanangu, wewe ulikuwepo. Nataka unisaidie jambo."

"Sema, Mama."

"Khiem hunijia ndotoni. Siku tatu baada ya karamu, kila mwaka, haikosi. Anasimama pale mlangoni. Sisi tumeshaosha vyombo, jiko limepoa. Hasemi neno, anaangalia sufuria tu." Akatafuta pumzi. "Mtoto wangu ana njaa. Nimekosea wapi? Mimi naondoka, si unaniona? Nikifika huko nitamtazamaje usoni?"

Nikamwambia ndoto ni uchovu tu, apumzike kidogo. Kisha nikapanda pikipiki yangu nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, mzee mzima wa miaka sabini.

Wakati wa vita, chombo chetu cha jeshi la majini kilikuwa kidogo, kazi yake kupeleka mafuta na risasi kwenye vituo vya mdomo wa mto. Mimi nilikuwa mshika usukani, Khiem alikuwa kijana wa injini, miaka ishirini, mwimbaji mbaya kuliko wote niliowahi kuwasikia. Asubuhi ya tarehe tisa tuligonga bomu lililotegwa majini. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilipopata fahamu nilikuwa juu ya chelezo cha kujiokolea, na Khiem alikuwa ananiita kutoka majini, kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika kitu. Mafuta yalikuwa yameiunguza hadi viwiko. Nilimvuta kwa kola ya shati.

Maji ya kupwa yalitutoa mtoni hadi baharini, tukaupoteza ufuo. Tulikuwa na chupa moja ya maji, ile ya kijeshi. Mimi ndiye niliyeishika, maana yeye hakuwa na mikono ya kushikia. Nilimnywesha kwa kifuniko cha chupa: kifuniko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mimi vivyo hivyo. Siku ya kwanza alinitania kwamba mama yake hakuwahi kumlisha kwa adabu namna ile. Siku ya pili na ya tatu hakutania tena. Siku ya nne, jua likiwa utosini, akageuza kichwa akasema, "Kaka, kidogo tu."

Vilikuwa vimebaki vifuniko vitatu, labda vinne. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nikiipima chupa kwa mkono kila saa, kwa wizi.

"Yamekwisha," nikamwambia.

Aliniamini. Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akafumba macho, nami nikampa mgongo nikanywa yote. Alasiri akafa. Kinywa chake kilibaki wazi na sikuweza kukitazama, basi nikamsukuma baharini. Kesho yake asubuhi chombo cha doria kikaniokota. Afisa akauliza kama kulikuwa na mwingine kwenye chelezo. Nikasema nilikuwa peke yangu. Akaandika kwamba wote wengine walikufa tarehe tisa.

Nilikwenda mwenyewe kwa mama yake, kule kwao Go Cong. Aliniuliza kitu kimoja tu: aliteseka? Nikasema, "Hapana, Mama, ilikuwa mara moja." Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Akamchimbia kaburi lisilo na mtu, la kuzika jina tu, akaishika tarehe niliyompa. Vita vilipokwisha nikafungwa kambini miaka mitatu na washindi, na yeye ndiye aliyekuja kwa miguu kuniletea samaki wakavu, kwa sababu, alisema, sasa alibaki na mwana mmoja tu wa kiume, yaani mimi. Baadaye nikafanya kazi ya kutengeneza pampu mashambani. Nikaoa, mke akanivumilia miaka sita akaondoka, akisema nyumbani kwangu kuna mtu mwingine asiyemwona. Sikumbishia.

Sasa mtu yule aliyenilea upya alikuwa anakufa akijilaumu kwa njaa ya mwanawe, na kosa lilikuwa langu. Tarehe kumi sikutoka ndani. Tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa kando ya kitanda chake.

"Mama, Khiem hakufa tarehe tisa. Alikufa kumi na mbili, alasiri."

Nhan, aliyekuwa anamkanda mama yake miguu, akasimama. "Unasema nini wewe?"

Mama Tu akamnyamazisha kwa mkono. "Siku tatu. Alikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Alikula nini?"

"Hatukuwa na chakula, Mama."

"Na maji?"

Nikamwambia. Mikono iliyoungua, kifuniko, neno nililolisema, na nilivyogeuka. Nilitaka kuongeza kwamba nami nilikuwa kijana, sijafika hata miaka ishirini na minne, nikaona aibu. Mama Tu akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa madogo mno, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia hata baharini.

"Toka!" Nhan akapiga kelele. "Umekula wali wetu miaka yote hii, mbwa wewe! Toka!" Akazirusha ndala zangu uani. Niliondoka bila kuziokota.

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini kesho yake, tarehe kumi na mbili, saa nane mchana Nhan alisimamisha pikipiki yake mlangoni kwangu, hakunisalimu, hakuzima hata injini.

"Mama anakutaka. Ingekuwa mimi, ningekuacha uoze humu humu."

Meza ilikuwa imeandaliwa upya: samaki, karela, wali unaofuka moshi, bilauri ya maji. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Mama Tu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho yamemwingia ndani, na hakunitazama. Udi ulikuwa haujawashwa.

"Washa," akasema. "Umwite."

Kwetu mwenye nyumba ndiye humwita marehemu wake. Nikamwangalia Nhan, naye akatazama sakafu. Nikawasha vijiti vitatu, nikavisimamisha mezani.

"Khiem," nikasema. "Khiem, njoo ule."

"Mwambie maji yapo."

Nikasema kwa sauti ya chini, "Khiem. Maji yapo."

"Kwa sauti," Mama Tu akasema. "Siku hii hajawahi kuitwa."

Nikaita kwa nguvu zangu zote, mara ya pili na ya tatu, mpaka majirani wakatoka nje kuangalia ni nani aliyefiwa.