Miche Mia Sita

Mara ya tatu sikukasirika hata kidogo. Niliegesha pikipiki kando ya mto, nikavua kofia, nikaitazama miche yangu mia sita iliyolala chini safu kwa safu. Aliyeing'oa hakuwa na haraka. Kila mche mizizi yake ilikuwa imefungwa kwa jani la mgomba pamoja na udongo wake, usikauke. Mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka sauti ikaniishia. Mara ya pili nililia. Safari hii nilikaa juu ya jiwe nikamenya ndizi.

Mimi ndiye idara ya mazingira ya kampuni. Idara nzima, peke yangu. Kampuni yetu inatoa umeme kwenye mto huu, saa moja kwa pikipiki kutoka Butembo, na waliotoa fedha za kujenga mtambo walisema: chukueni maji, sawa, lakini kingo za mto mzifunike kwa miti, udongo usije ukaporomoka na kuchafua maji ya watu wa chini. Kampuni ikatia sahihi. Kisha ikanitafuta mimi, Jokébed, ikanipa buti, pikipiki chakavu na fomu ya kurasa kumi na moja. Ukurasa wa tano unauliza: miti mingapi imesimama? Miaka miwili nimelijibu swali hilo kwa maneno matamu. Sasa mkaguzi wa waliotoa fedha alikuwa anakuja Alhamisi kuihesabu mwenyewe, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Miti isiposimama, na mimi sisimami.

Nilikuwa bado natafuna alipotokea mama mmoja katikati ya maharagwe, jembe begani. Nilimfahamu kwa sura. Anaitwa Tamar, ndiye anayelima pale ukingoni.

"Ni mimi, mwanangu," alisema kabla sijauliza. "Ata ile ya kwanza, ni mimi niliingoa."

"Mama, juu ya nini? Miti ilikukosea nini?"

"Haikunikosea. Ni mizuri. Njo maana nilifunga mizizi, isikufe. Mais hapa, hapana." Hilo "lakini" la Kifaransa alilivuta.

Alikaa chini, miguu imenyooka, akanieleza taratibu kama mtu aliyechoka kungoja kuulizwa. Shamba lilikuwa la mumewe, aliyekufa miaka sita iliyopita. Shemeji yake Onésime alimwachia alime, kwa ajili ya wajukuu wanne anaowalea.

"Nalima maharagi, nalima mihogo. Ile inaishaka, unavuna, udongo unabakia bure. Mais mutu mwenye kupanda miti, udongo ni yake. Mimi mwenyewe sipandake ata muti moja humu, juu Onésime atasema nataka kumukamatia udongo. Sasa ninyi munakuya na mia sita! Onésime alikuya hapa na telefone, akakupiga foto ukiko unapanda. Akacheka. Akaniambia: Tamar, miti ya kampuni ikifika mu magoti, utatoka."

"Lakini tuliomba ruhusa, mama. Karatasi iko na sahihi."

"Ya nani?"

Ya Onésime. Mwenye ardhi, fomu inasema. Anayelima haulizwi popote, na mimi sikumuuliza. Nilifunga miche nyuma ya pikipiki, kadiri ilivyowezekana, nikarudi mjini na aibu yangu.

Naishi Kimemi, humo humo Butembo, nyumba ya kupanga, na baba yangu analala sebuleni tangu vita vilipomtoa kijijini kwetu Luofu. Alifika na blanketi moja na redio isiyo na betri. Baba humuuliza kila mtu anayetoka upande ule jambo moja tu: mikaratusi yake bado imesimama? Habari za nyumba haulizi. Jioni ile nilimsimulia habari ya Mama Tamar, nikidhani atanihurumia.

"Weye mutoto wa Luofu," alisema, "hukujua?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na miaka tisa mpangaji wetu mmoja alipopanda miparachichi mitatu nyuma ya kibanda chake. Baba aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikaibeba kwenda kuitupa, na msimu uliofuata yule mtu aliambiwa atafute kwingine. Nilijua tangu mtoto, nikasahau kwa sababu ukurasa wa tano hauna nafasi ya kuandika mambo ya namna hiyo.

"Vita itaisha," baba aliendelea, amelala ameelekea ukutani. "Nyumba, bataichoma, haya. Mais miti yangu njo itasema ile udongo ni ya nani."

Jumanne niliingia kwa mkurugenzi wetu, Salomon. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye simu yake hailali, kila mtaa unadai umeme, na kila barua ya mazingira kwake ni mzigo juu ya mzigo. Nilimwambia tuache miti, tupande matete. Matete yanashika udongo vizuri, mbuzi wanakula, na hakuna aliyewahi kudai ardhi kwa sababu ya majani.

"Matete hapana miti, Jokébed. Contrat inasema miti."

"Mama wa watu atafukuzwa, Directeur."

Alinisukumia barua juu ya meza. Onésime alikuwa anaiuzia kampuni ukingo wote. Ushahidi kwamba kampuni imekwisha kuutumia ukingo huo ameuambatanisha: picha yangu mimi, nimeinama, mche mkononi, nacheka. Siku ile hali ya hewa ilikuwa nzuri na niliipenda kazi yangu.

"Tukinunua, udongo ni yetu, donc hakuna mutu wa kungoa tena," Salomon alisema, anasugua macho. "Mazingira inashinda. Na weye unashinda. Kesho urudishe ile miti mu udongo. Yule mama tutamutafutia ata kazi ya kufagia, on verra."

Neno hilo, on verra, yaani tutaona, nimelisikia ofisini kwetu miaka miwili. Sijaona lolote likionekana baada yake.

Jumatano nilipanda. Naomba nisijisifu: nilipanda yote mia sita, peke yangu, kwa sababu hakuna mwanakijiji aliyekubali kunisaidia. Mama Tamar alikaa ukingoni mwa maharagwe yake akinitazama. Hakunitukana, hakuning'olea. Nilipomaliza mgongo ulikuwa umekufa ganzi, naye akanipa maji ya kunawa. "Wasingya," nilimshukuru kwa Kinande, na sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi mkaguzi alifika, mwanamke anayeitwa Victoire, viatu vyake vimejaa tope la barabara ya kutoka Beni. Salomon alikuwepo, Onésime alikuwepo ndani ya koti la harusi. Victoire alitembea safu baada ya safu akihesabu kwa kidole, na nilimpenda kwa hilo, maana wengine huhesabu kutoka garini. Alipofika mwisho alisema ni mia sita kamili, kazi nzuri. Salomon alishusha pumzi. Kisha Victoire akafungua fomu na kuuliza:

"Na hii shamba ni ya nani?"

Onésime alifungua mdomo. Salomon naye alifungua wake. Mama Tamar, kule alikosimama na jembe, hakufungua wake, maana hakuna aliyekuwa amemwangalia. Mimi niliinama nikang'oa mche wa kwanza.

Watu wataniambia ni ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kupanda kitu kinachomtoa mtu shambani mwake, na mikono ilikuwa bado inajua kila mche ulipo. Niling'oa wa pili, wa tatu.

"Jokébed! Unafanya nini?" Salomon alisema, sauti ya chini kama ya kanisani.

"Madame Victoire, unipige foto, tafazali," nilisema. "Huyu papa Onésime iko na foto yangu nikipanda. Nataka na hii ikuwe. Bakiuliza nani alipanda, ni mimi. Bakiuliza nani alingoa, ni mimi, mbele ya kampuni na mbele yake. Hakuna muti ya kampuni hapa. Mwenye kulima hapa ni ule mama, na hakuna mutu alimuuliza."

Victoire alisita. Alimtazama Salomon, akamtazama Onésime, mwisho akamtazama Mama Tamar. Kisha akatoa simu akanipiga picha. Nilipofika kwenye mche wa ishirini hivi, mkono ulipita mbele yangu ukaupokea. Mama Tamar alikuwa amekata majani ya mgomba. Mimi nang'oa, yeye anafunga, mpaka safu zote zilipokwisha.

Kwenye ukurasa wa tano niliandika sifuri. Chini yake nikaandika matete, na Victoire akasema hakuna nafasi ya matete, lakini ataambatanisha karatasi. Aliambatanisha pia jina la Mama Tamar. Mambo ya kununua yamesimamishwa mpaka anayelima asikilizwe, hivyo ndivyo barua ya waliotoa fedha ilivyosema, na barua ikisema hivyo mtu anapata angalau msimu mmoja au miwili. Mkataba wangu haukuendelezwa. Salomon alinipa mkono na kusema buti nibaki nazo.

Kabla sijarudisha pikipiki, Mama Tamar na mimi tulipanda matete ukingo mzima. Yameshika. Mvua ya juzi haikushusha udongo mwingi, nimeambiwa.

Miche mia sita hakuna aliyeitaka. Nililipia chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, vijana wakaisukuma hadi Kimemi, nikaipanga kandokando ya ukuta wa uani, ndani ya majani yake ya mgomba, nikaimwagia maji. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba, mzee Shafii, mfanyabiashara wa vitenge, mtu mpole ambaye hajawahi kunigombeza, alikuja kabla ya kufungua duka. Aliiangalia muda mrefu.

"Mama Jokébed, siye tunaelewana muzuri, si njo hivyo?" alisema. "Mais kwangu hapa, mupangaji hapandake miti."

Kabla sijajibu, sauti ya baba ilitoka sebuleni.

"Iko na haki."

Nilimwambia mzee Shafii kwamba haijapandwa, imewekwa tu. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akabaki amesimama mlangoni mpaka nilipomaliza kuihamishia yote juu ya sementi.