Alama Kumi na Tisa

Jumatatu ile Mama Mashuka hakuonekana kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa miaka kumi na saba yeye ndiye aliyefungua mlango ule kabla hakujapambazuka. Lakini jana yake, aliponyanyua beseni la mashuka yaliyolowa, kizazi kilimshuka hadi nje. Alikirudisha kwa mkono, chooni, akiuma kanga asisikike.

Aliyekuja kumwona nyumbani ni wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa kliniki ya wanawake. Alikuja na fomu ya maswali ishirini, ya mradi wa kuwapasua wanawake wenye tatizo hilo. Kila swali lilikuwa na alama, sifuri hadi tatu: unahisi uzito chini? Mkojo unakuvuja ukikohoa? Unalazimika kusukuma kwa kidole ndipo umalize haja?

"Andika tatu," alisema Mama Mashuka. "Na hapo tatu. Andika mpaka mkono uchoke."

"Ukizidi alama thelathini hupasuliwi, wifi yangu. Hesabu zao zinasema wa hivyo hawaponi vizuri. Mradi unawataka watakaopona."

"Kwa hiyo nijifanye mzima ndipo nitibiwe?"

"Jifanye mgonjwa wa wastani. Huko kujifanya unakujua, si umeishi na kaka yangu miaka yote hii?"

Walicheka mpaka Mama Mashuka akajishika tumbo. Jumla yake ya kweli ilikuwa arobaini na saba. Wifi akaandika kumi na tisa, naye akatia sahihi.

Akapasuliwa. Kwa kuwa fomu ilimwonyesha ni wa hali nyepesi, alipewa mapumziko ya siku ishirini na moja. Siku ya ishirini na mbili alikuwa amerudi kwenye beseni la mashuka. Mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa kile kitu kikaanza kushuka tena.

Safari hii daktari mwenyewe ndiye aliyemuuliza maswali yale yale, na yeye akajibu kweli tupu, maana alitaka kupasuliwa tena.

"Uliingia na kumi na tisa," daktari alisema, macho kwenye karatasi. "Sasa una ishirini na nane. Mtu hatoki kwenye kisu changu akiwa mbaya zaidi."

"Sikuwa kumi na tisa, daktari. Nilikuwa arobaini na kitu. Tuliandika hivyo ili nikubaliwe."

"Mliandika? Wewe na nani?"

Mama Mashuka akamgeukia wifi, aliyesimama kando ya kabati akipanga glavu.

"Nesi?"

"Mimi huandika ninachoambiwa, daktari," alisema wifi. Aliendelea kupanga. "Mgonjwa ndiye aliyetaja alama."

Mgonjwa. Mama Mashuka alingoja aongeze neno. Glavu zilipokwisha, wifi alianza kuzipanga upya.

"Mtu wa majibu ya uongo hawezi kubaki kwenye mradi," daktari alisema, akafunga jalada. "Na nje ya mradi, upasuaji huu hatufanyi."

Alama zake zimefutwa. Ripoti ya mwaka inasema wanawake wote waliofuatiliwa wamepata nafuu. Kwenye chumba cha kufulia ameajiriwa mwingine, mwenye nguvu.

Jumapili wifi bado huja kumsalimia kaka yake. Mama Mashuka humtengea chai, kisha huingia chumbani kubadilisha kitambaa kilicholowa.