Nywele Zinaota

Kinyozi hakuwa mtu mbaya, tuanzie hapo, maana baadaye mtanikatalia. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea mdogo wake wa kike, akamsomesha mpaka akawa mwalimu, na mpaka wakati huo dada huyo alikuwa akikaa kwake, chumba cha uani.

Jumanne mchana Kamanda, kiongozi wa vijana wa chama cha siasa alichokifuata Kinyozi, alipita saluni akaazima mashine, ile ya kuchaji. Kinyozi alimpa bila kuuliza. Nani amuulize Kamanda? Baada ya saa moja ikarudi, nywele ndefu zimenasa kwenye meno yake. Kinyozi alikuwa bado anaipiga brashi mdogo wake alipoingia, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Kosa lake lilikuwa kukataa kuwatoa wanafunzi darasani wakajipange barabarani kuushangilia msafara wa mgombea. Alisema wana mtihani. Basi vijana sita wakamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya watoto arobaini, wakamnyoa. Walimwachia vishungi viwili juu ya masikio ili watoto wacheke. Na watoto, Mungu awasamehe, walicheka.

Kinyozi alipandwa na hasira. Alifunga saluni mchana kweupe, wateja wawili akiwatoa nje, akaondoka kwenda kumkabili Kamanda. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni, tena makali.

Hatua kumi hakuzimaliza. Ng'ambo ya barabara fundi cherehani, mfuasi kindakindaki wa chama kile kingine, alikuwa amesimama mlangoni kwake na futi shingoni, anapaza sauti wapita njia wasikie.

"Mmekiona chama chao? Sasa wananyoa walimu kwa nguvu! Haya Kinyozi, leo una lipi?"

Yalikuwa maneno yale yale ya Kinyozi, ila ameyatangulia mwingine. Angeyasikia kwa mtu yeyote isipokuwa yule! Watu walisimama kutazama. Fundi alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoharibu kila kitu.

"Nywele zinaota," Kinyozi akajibu, kisha akarudi kufungua saluni.

Sasa ikabidi alilinde neno lake, maana kila aliyekaa kitini alikuja na swali. Jumatano alisema vijana walichokozwa. Alhamisi aliuliza wale wengine walipochoma vibanda vya watu uchaguzi uliopita, mbona hakuna aliyelia? Ijumaa alikuwa na hotuba nzima, na wateja wa upande wake walimpigia makofi huku povu likiwa bado mashavuni. Kila fundi alipofungua mdomo kule ng'ambo, Kinyozi alisogea mbele kidogo. Kurudi nyuma kungekuwa kumpa fundi ushindi, na afadhali ampe figo.

Jioni ile mdogo wake alimfuata jikoni. Kesho yake kamati ya shule ingekutana. Kamanda alikuwa ameapa kwamba mwalimu alijinyoa mwenyewe ili akipake chama matope, na maneno ya watoto hayahesabiwi.

"Kaka, sikwambii uhame chama. Sema tu mashine ni yako na nani aliiazima. Wakiamini nimezua, kazi sina."

"Nitasema, mdogo wangu. Kalale."

Na alimaanisha, nawaapia. Alimshika bega mpaka akaacha kulia.

Asubuhi darasa lilijaa. Kamanda na vijana wake walikaa kulia, fundi cherehani na wenzake kushoto. Mwenyekiti wa kamati alimwita Kinyozi aseme anachojua. Akasimama. Alimwona mdogo wake, amevua kitambaa makusudi, kichwa kimeachwa wazi watu wakione. Kisha akamwona fundi, amekaa mstari wa mbele, anatabasamu lile tabasamu lake na kumtikisia kichwa kumhimiza, kama mtu anayemfundisha mtoto kutamka.

"Nilimnyoa mimi," akasema Kinyozi. "Saluni kwangu. Alikuwa na chawa."

Vijana waligonga madawati kwa vicheko. Mwalimu alisema, "Kaka," mara moja tu, taratibu, kama anayemkumbusha mtu alichosahau. Kamati haikumaliza dakika tano: mwalimu ni mwongo, tena mchafu, asikanyage tena darasani. Kinyozi hakumtazama. Alikuwa anamtazama fundi cherehani, ambaye sasa hakuwa na tabasamu hata chembe, na moyo wa Kinyozi ulitulia tuli.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni. "Imekuwaje? Wifi yangu yuko wapi?"

"Chemsha mashuka ya chumba cha uani," akasema Kinyozi. "Na foronya."

"Ya nini?"

"Chawa wanahama."

Mkewe alimtazama, akasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anajikuna.