Tope Lililokoma Kushuka

Bwana shamba Okeyo alipobisha hodi, Bitutu hakumkaribisha aketi. Alimwacha amesimama uani na mfuko wake begani, akaendelea kupepeta wimbi.

"Mama, nimekuletea mbegu," Okeyo alisema kwa Kiswahili, maana alitoka kandokando ya ziwa na Kikisii kilimshinda. "Ni maharage yanayotambaa. Ukishavuna mahindi, yapande mteremko mzima."

"Yanaliwa?"

"Majani yake ni chakula cha ng'ombe. Lakini kazi yake hasa ni kufunika ardhi, mvua isiibebe."

"Unauza?"

"Ni bure."

Neno hilo ndilo lililomtia shaka. Bitutu alikuwa amechuma maua ya pareto miaka sita katika shamba la mzungu upande wa Nyansiongo, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Alisikia pale jinsi watu wa kwanza walivyokuja na maneno matamu na vigingi vya kupimia ardhi, kisha familia zikaambiwa zihame. Na sasa Okeyo alikuwa akitoa vigingi mfukoni.

"Hivyo vya nini?"

"Kuonyesha mistari, mama. Tupande kwa kuukata mteremko, si kuushuka."

Alimwacha avipigilie. Okeyo alipovuka kijito tu, Bitutu aling'oa vyote na kuvitia motoni jikoni.

Mbegu hakuzitupa. Shamba lake lilikuwa limeanza kutoa mawe, na mahindi ya mwaka ule yalimfika magotini tu, ya manjano. Alipanda kwanza kipande kidogo nyuma ya nyumba, akamlisha mbuzi majani yake na kumchunguza kwa wiki nzima. Mbuzi hakufa. Baada ya mavuno akapanda mteremko wote.

Shamba la chini lilikuwa la Machogu, ndugu wa marehemu mumewe. Kila masika, tope jeusi lilishuka kutoka kwa Bitutu na kutulia katika migomba ya Machogu. Ndizi zake zilisifiwa hadi soko la Nyamache. Hakuna aliyemwuliza siri yake.

Mwaka uliofuata, 1951, mvua ya Machi ilinyesha siku tatu mfululizo. Machogu alitoka na jembe kutandaza tope kama kawaida, akakuta maji meupe yanachuruzika tu. Alipanda hadi juu. Aliinua majani yaliyotandaa, akaona udongo umetulia, laini, umejaa nyungunyungu.

"Umefukia nini hapa, shemeji?"

"Maharage."

"Maharage hayazuii mvua. Nani alikupa?"

"Bwana shamba wa serikali."

"Basi umeuza ardhi ya ndugu yangu."

Kufikia siku ya soko, wengine walisema Bitutu amewapa wazungu kilima, wengine kwamba amezika dawa. Wanawake waliacha kumsalimia chemchemini. Bitutu mwenyewe aliyasikia maneno hayo mpaka akaanza kuyumba. Asubuhi moja alipiga magoti shambani na kufukua mahali patatu kwa mikono, akitafuta kitu ambacho huenda Okeyo alikificha. Hakupata chochote.

Machogu alimshtaki kwa Ombui, mzee aliyeamua kesi za mipaka. Okeyo naye aliitwa.

"Shemeji yangu ameuzuia udongo wangu," Machogu alisema.

"Ulikuwa unatoka wapi?" Ombui akauliza.

"Juu."

"Juu kwa nani?"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

"Miaka tisa!" Bitutu alipaza sauti. "Miaka tisa nakulimia migomba yako bila kujua!"

Ombui alisema hapo hapana kesi. Kisha akamgeukia Okeyo. "Na wewe, unapata nini?"

"Mshahara, mzee. Nikirudi ofisini na mbegu mfukoni, naulizwa."

Jibu hilo halikumtuliza mtu.

"Jina langu umeliandika?" Bitutu aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kitabuni."

"Lifute."

Okeyo alisita, akatoa kitabu na kulikata jina kwa kalamu. Bitutu hakuridhika. Alimwita Andrew, mwalimu wa kanisa, asome ukurasa huo na ule unaofuata, ahakikishe halikuandikwa kwingine.

Wiki iliyofuata aliyafyeka maharage, akayaacha yalale chini, akapanda mahindi katikati yake. Kufikia Julai mahindi yalimpita kimo.

Machogu alikuja mchana mmoja. Alisimama ukingoni, akalishika bua moja kulipima kimo.

"Mbegu zilibaki?" aliuliza.

Bitutu alimjazia kibakuli, akamkabidhi. Lakini Machogu alipoanza kuzipanda, Bitutu alishuka na jembe lake hadi mpakani, akapalilia palepale siku nzima, amwone anaishia wapi.