«Na» ya Chumvi

«Ile Na ni sodium, Bienfait, haiko...»

«Rolande, nilikuwa nacheka na weye tu...»

«Unacheka, na concours, mtihani ya serikali, ni kesho?»

Ndani ya saluni yake ya Matonge, Rolande alifunga kitabu. Wiki nzima alisoma NaCl, chumvi ya mezani, kama «na Cl», sababu huyu Bienfait, mwenye aliacha masomo ya chimie, kemia, katikati ya université, alimwambia wazungu waliazima «na» yetu ya Kiswahili.

«Na ile ya asidi kugeuza karatasi ya bluu kuwa nyekundu? Nayo ni bongo, ulinidanganya?»

«Ile ni kweli. Nazani.»

«Unazani?»

Kicheko kilimuishia Bienfait. «Rolande, na miye nilijiandikisha kwa ile concours. Bon, unifundishe leo.»